Santuri, Kaseti na Simu: Historia ya Sauti Iliyohifadhiwa Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, mabishano kati ya wapenzi wa santuri na wapenzi wa sauti ya dijitali yameendeshwa kana kwamba historia ya muziki uliohifadhiwa ina vituo viwili tu, yaani sahani nyeusi inayozunguka chini ya sindano, na faili isiyoshikika inayokaa ndani ya simu au kompyuta. Walio upande wa santuri hudai kwamba sauti yake ni nene, tulivu na yenye uhai. Walio upande wa dijitali hujibu kwamba uhai huo si chochote ila mkwaruzo na vumbi. Mabishano hayo yakiletwa Mombasa, na hasa yakivushwa kisiwa hadi Likoni, Kisauni na Changamwe, hupungukiwa na jambo la msingi, kwa kuwa katika maeneo hayo ya bara chombo kilichoshika muziki wa wenyeji kwa upana na kwa urefu wake hakikuwa santuri wala simu, bali kaseti, ambayo wakusanyaji wengi wa leo huipita bila kuitazama.

Santuri ni neno lililotokana na jina la ala ya nyuzi ya Uajemi na nchi za Kiarabu. Katika Kiswahili lilikuja kutaja kinanda cha kuchezea sahani na sahani yenyewe pia. Juu ya sahani hiyo umechorwa mfuo mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu, na kuta za mfuo huo hupinda kwa namna ileile ambavyo hewa ilitikisika mbele ya mwimbaji, hivyo sindano inapoufuata hutikisika vivyo hivyo na kuirudisha sauti. Sahani za mwanzo zilizofika pwani zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu wa wadudu wa India. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika 3 kila upande, na zilivunjika kama kigae zilipoanguka. Kinanda chake hakikuhitaji umeme, kwani kilizungushwa kwa mkono na kuendeshwa na springi. Sifa hiyo ilikuwa na uzito mkubwa katika sehemu ambazo nyaya za umeme zilichelewa kufika.

Tukio linalotajwa zaidi katika mwanzo wa biashara hiyo ni safari ya mwimbaji Siti binti Saad na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay mwaka 1928, ambako waliimba kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Kufaulu kwa santuri zao kuliwaonyesha wafanyabiashara wa Uingereza na Ujerumani kwamba lugha ya Kiswahili ilikuwa na wanunuzi, na katika miaka iliyofuata kampuni shindani ziliiga. Wanunuzi hao hawakuwa wa Unguja pekee. Mombasa, yenye bandari na reli, ilikuwa na watu wa mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo muuza santuri alilihitaji kuliko jambo jingine lolote, maana gramafoni haikuwa kitu cha kununuliwa na mkulima wa minazi kwa mapato ya msimu mmoja.

Hata hivyo biashara yenyewe ilikaa kisiwani. Ili kuelewa nafasi ya upande wa bara, ni lazima kukumbuka jiografia ya maji. Daraja la Nyali lililoelea juu ya maboya lilifunguliwa mwaka 1931, na kulivuka kulilipiwa. Huduma ya feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Changamwe peke yake iliunganishwa na kisiwa kwa reli tangu mwisho wa karne ya 19, kisha kwa barabara ya Makupa. Mkazi wa Kisauni au Likoni aliyetaka santuri alikwenda mjini kuitafuta, akaivusha maji ikiwa imefungwa kwa kitambaa, na mkazi wa Changamwe, ambaye mara nyingi alikuwa mfanyakazi wa reli au wa bandari aliyetoka mbali na pwani, alikwenda kutafuta muziki wa kwao na si lazima wa Mombasa. Kwa sababu hiyo Changamwe, Chaani na Mikindani zilikuwa na masikio ya Kiluo, Kiluhya na Kikamba kabla ya kuwa na masikio ya taarabu. Anayeandika historia ya muziki wa Mombasa kwa kuangalia Mji wa Kale pekee anaisahau nusu ya wasikilizaji wake.

Miongoni mwa maduka ya mjini, lililoacha alama kubwa zaidi ni la Assanand na Wanawe, familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India, ambao chapa yao ya Mzuri ilitoa santuri za taarabu ya Mombasa na Tanga. Kufikia wakati wa chapa hiyo teknolojia ilikuwa imebadilika. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilikuwa imetoa sahani ndefu ya mizunguko 33 na thuluthi mwaka 1948, na RCA Victor sahani ndogo ya mizunguko 45 mwaka 1949, zote zikiwa za vinili, aina ya plastiki laini isiyovunjika upesi na yenye mkwaruzo mdogo kuliko shelaki. Nairobi ilipata kiwanda cha kugandamizia santuri katika miaka ya 1950, na sahani ndogo ya mizunguko 45 ndiyo iliyotawala Kenya kwa miongo mitatu iliyofuata, kwa kuwa ilikuwa na bei ambayo kibarua angeweza kuifikiria.

Sahani hiyo ndogo ilikuja na masharti yake. Wimbo wa taarabu unapoimbwa harusini huanza kwa ala peke yake, huenda kwa beti kadhaa, husimama wanawake wanapotoka kumtuza mwimbaji, ubeti unaopendwa hurudiwa, na yote hayo huweza kuchukua robo saa au zaidi. Upande mmoja wa santuri ndogo hauvumilii mwendo huo. Utangulizi wa ala ulifupishwa, beti zikapunguzwa, na pale mwimbaji alipokataa kupunguza, wimbo ulikatwa katikati, nusu ya kwanza upande mmoja na nusu ya pili upande wa nyuma, msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza sahani pale hasa ambapo maneno yalikuwa yameanza kukolea. Ufupi huo ndio baadhi ya wapenzi wa leo wanauita usafi wa taarabu ya zamani. Kwa haki, ulitokana na kipimo cha plastiki na haukuwa uamuzi wa washairi.

Watu wengi wa upande wa bara, hata hivyo, walizisikia santuri hizo bila kuzimiliki. Sauti ya Mvita, kituo cha redio kilichorusha matangazo ya Mombasa katika miaka ya 1950, na baadaye Sauti ya Kenya, viliingiza santuri za mjini katika nyumba za makuti zilizokuwa na redio ya betri tu. Salamu na maombi ya nyimbo yaliyotumwa redioni yaliufanya wimbo mmoja uliokuwa katika maktaba ya kituo kuwa mali ya mtaa mzima. Matokeo yake ni kwamba katika kumbukumbu ya Likoni au Kisauni santuri ni zaidi sauti ya mtangazaji kuliko sahani iliyowekwa kabatini.

Muziki wa upande wa bara wenyewe ulipata nafasi finyu katika santuri, ingawa haukukosa watunzi. Freretown, iliyoko Kisauni, ilianzishwa na wamishenari wa Kianglikana mwaka 1875 kuwa makazi ya watumwa walioachwa huru, na kengele yake ingali imelipa eneo jirani jina la Kengeleni. Katika mji huo mdogo wa watu waliokusanywa kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki, nyimbo za kanisa zilikaa pamoja na ngoma za Wamijikenda na taarabu iliyovuma kutoka ng'ambo ya maji. Ndiko alikotokea Joseph Ngala, mpiga saksafoni anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa bango, muziki wa dansi uliopata jina lake kutokana na wimbo wake mmoja, wenye saksafoni mbele, mwendo wa polepole wa kucheza wawili wawili, na maneno ya Kiswahili na ya Kimijikenda. Bango lilikuwa muziki wa harusi, wa matanga na wa kumbi za mitaani, na bei yake ilikuwa ni kuwapo mahali linapopigwa.

Kando yake, kaskazini zaidi katika ufuo wa Bamburi, hoteli za watalii zilizaa aina nyingine ya muziki, ambayo santuri iliipenda sana. Kundi la Them Mushrooms, lililoongozwa na Teddy Kalanda Harrison na ndugu zake, lilitoa wimbo wa Jambo Bwana mwaka 1982 kupitia kampuni ya Polygram, na wimbo huo unatajwa kuwa uliuza zaidi ya nakala 200,000 katika miaka mitano ya kwanza. Mombasa Roots nao waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, wakaifanya disko. Hakuna ubaya katika hilo, na wanamuziki hao walikuwa hodari. Lakini ni vyema kutambua kwamba upande wa bara uliingia katika santuri kwa ukubwa pale tu ulipoimba kwa ajili ya mgeni aliyekuwa akiondoka kesho na aliyetaka kitu cha kubeba ndani ya mkoba.

Kaseti ilibadilisha mpango huo wote. Ilitolewa na kampuni ya Philips ya Uholanzi mwaka 1963, ikiwa kijisanduku cha plastiki chenye utepe mwembamba, usiofikia upana wa milimita 4, uliopakwa unga wa oksidi ya chuma. Sauti hugeuzwa kuwa nguvu ya sumaku inayopanga chembe za unga huo, na kichwa cha mashine huzisoma chembe zilezile utepe unapopita. Ubora wake, kwa kipimo cha fundi, ni wa chini: utepe hupita polepole, chini kidogo ya sentimita 5 kwa sekunde, na nyuma ya muziki husikika mvumo kama wa upepo katika mivinje. Lakini ilikuwa na mambo matatu ambayo santuri haikuwa nayo. Ilibeba dakika 60 au 90. Mashine yake, redio kaseti, ilitumia betri na kubebwa begani. Na zaidi ya yote, mashine iliyocheza ndiyo iliyorekodi. Kwa mara ya kwanza mtu wa Mtongwe au Mtopanga hakuhitaji idhini ya duka, studio wala kiwanda cha Nairobi ili sauti ya jirani yake ihifadhiwe.

Mjini, Mbwana Radio Service, duka lililokuwa na jina la ufundi wa redio, likawa mchapishaji mkubwa wa kaseti za taarabu, na majina yaliyotawala kabati zake ndiyo yaliyotawala harusi za pande zote za maji. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani zilizoathiriwa na filamu za Kihindi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016, alishika udi na mwendo wa Kiarabu. Maulidi Juma alikuwa na kundi lake la Maulidi Musical Party. Na Zuhura Swaleh aliingiza katika taarabu mdundo wa chakacha na mlio mkali wa tashkota, ala ya asili ya Japani yenye nyuzi na vibonyezo vinavyofanana na vya taipureta. Kaseti iliwaachia waimbaji hawa urefu wao. Wimbo uliweza tena kwenda beti zake zote, na kaseti iliyorekodiwa harusini ilibeba pamoja na wimbo vigelegele, majina ya wanaotuza, mtoto anayelia na jenereta inayonguruma nyuma ya ua, vitu ambavyo studio ingevifuta na ambavyo kwa mwanahistoria vina thamani isiyopungua ile ya wimbo.

Uhuru huo ulikuwa pia hasara ya wanamuziki. Mashine yenye milango miwili ya kaseti iliweza kutoa nakala kwa muda wa wimbo wenyewe, na nakala ikazaa nakala, hadi mwimbaji akawa maarufu Likoni, Malindi na Tanga bila kuona senti ya umaarufu huo. Chama cha Haki za Muziki cha Kenya kilianzishwa mwaka 1983, na sheria mpya ya hakimiliki ikatungwa mwaka 2001, lakini kibanda cha kunakilia kilikuwa karibu na mteja kuliko ofisi ya chama. Kampuni kubwa za Nairobi, zilizokuwa zikiishi kwa santuri, zilishindwa kupambana na kitu cha bei ndogo kiasi hicho, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugandamizaji wa santuri nchini ulikuwa umekoma. Walioiua santuri ya Kenya walikuwa ni vijana wenye redio kaseti, miaka mingi kabla ya dijitali kuwafikia.

CD, sahani inayosomwa kwa mwale wa leza na iliyoanza kuuzwa duniani mwaka 1982, ilipita upande wa bara kwa haraka na kwa juu juu. Inatosha kusema kwamba baadhi ya CD bora za taarabu ya Mombasa hazikutolewa Mombasa. Chapa ya GlobeStyle ya London ilitoa mwaka 1990 albamu ya kundi la Zein na nyingine ya Maulidi Musical Party, zikiwa na rekodi safi kuliko kaseti yoyote ya mjini, na zikawafikia wasikilizaji wa Ulaya wasiojua maana ya neno moja lililoimbwa, wakati mpenzi wa Zein aliyekaa Shelly Beach akiendelea kusokota utepe uliolegea kwa kalamu ya Bic.

Sauti ya dijitali, ambayo CD ilikuwa mlango wake, haichori mfano wa mtikisiko kama ifanyavyo santuri; huupima. Kwa kila sekunde moja ya muziki, CD huandika vipimo 44,100 vya ukubwa wa mtikisiko kwa kila moja ya njia zake mbili za sauti, na mashine huviunganisha tena kuwa mawimbi. Faili za MP3, ambazo jina lake lilianza kutumika mwaka 1995, huenda mbele zaidi: hutupa sehemu za sauti zinazofunikwa na nyingine hata sikio la binadamu lisizisikie, hadi faili ibaki karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Udogo huo ndio ulioiwezesha kuingia katika memori kadi ya simu ya bei nafuu. Kazi ya kibanda cha kaseti ikarithiwa na kibanda cha kompyuta, ambako mteja hulipa kuwekewa nyimbo kwa jumla, na muziki wa harusi, wa tuktuk na wa matatu ukahamia katika flashi inayochomekwa kando ya usukani.

Wapenzi wa sauti wanaozozana juu ya chombo kipi ni halisi wangefaa kuchunguza safari ya wimbo mmoja wa Mombasa kabla haujafika katika simu. Wimbo ulioimbwa mwaka 1970 huenda ulitolewa kwa santuri ndogo, ukanakiliwa kutoka santuri hadi kaseti na mwenye kibanda, kaseti ikanakiliwa tena na tena, kisha nakala ya mwisho ikaingizwa katika kompyuta na kubanwa kuwa MP3. Msikilizaji wa leo husikia kwa pamoja mkwaruzo wa sindano, mvumo wa utepe na ukavu wa faili iliyobanwa. Tena mashine za kaseti hazikulingana mwendo. Iliyonakiliwa kwa mashine ya haraka na kuchezwa kwa ya polepole ilishusha sauti ya mwimbaji, na iliyofanyiwa kinyume iliipandisha, kwa hiyo wapo waimbaji ambao kizazi kipya kinawajua kwa sauti ambayo koo zao hazikuwahi kuitoa.

Wakati huohuo santuri imerudi kuwa bidhaa ya heshima mbali na Mombasa. Nchini Marekani, mwaka 2022, ziliuzwa santuri za vinili zipatazo milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Wimbi hilo limewaleta Afrika Mashariki wanunuzi wa santuri ndogo za zamani, hasa za soul, disko na dansi, zikiwemo za Slim Ali wa Mombasa na kundi la Hodi Boys. Chapa ya Kifaransa ya Buda Musique, katika mfululizo wake wa Zanzibara uliosimamiwa na mtafiti Werner Graebner, ilichukua njia ya busara zaidi: juzuu la pili lilikusanya taarabu ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975, na la kumi lilirudi katika hazina ya Mbwana Radio Service kutafuta taarabu ya Mombasa na Tanga ya kati ya 1970 na 1990. Ni kwa kazi kama hizo kwamba dijitali imeifaa historia. Si kwa kushinda ubora wa santuri, bali kwa kuokoa kilichokuwa kikioza.

Kuoza huko si kwa mfano wa maneno. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu; santuri iliyoachwa karibu na dirisha hupinda kwa jua, lakini ikisafishwa na kunyooshwa husomeka, ilhali utepe wa kaseti huota kuvu, hushikana safu kwa safu, na unga wake hubanduka juu ya kichwa cha mashine mara ya kwanza unapochezwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo kilicho hatarini zaidi ni kile ambacho upande wa bara ulikirekodi wenyewe: bango la mkesha wa harusi Kisauni, sengenya na kifudu za Wamijikenda, maulidi ya msikiti wa mtaani Likoni, vikundi vya dansi vya wafanyakazi wa Changamwe. Kaseti hizo hazina chapa wala namba ya toleo, vitu ambavyo mkusanyaji wa santuri hutumia kujua anachokishika na kukipangia bei, na mara nyingi jina pekee lililoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino ni la bibi harusi. Hukaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, au katika kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, zikisubiri mashine ambayo mpira wake wa kuzungushia umelegea na ambayo fundi wake amegeukia kutengeneza simu.